Kioo cha Chini ya Gari

Kazi yangu ni kioo.
Kimefungwa kwenye fimbo, kina magurudumu ya toroli ya mtoto,
nakisukuma chini ya matumbo ya magari
kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu,
barabara ya Likasi ikiwa bado na baridi ya Juni
na vidole vyangu havijajua kama ni vyangu.
Nimeona mengi kule chini:
oili inayodondoka, kandambili moja, paka,
na mara moja uso wangu, umekaa vibaya.

Sheria ya kampuni imebandikwa kibandani,
kwa Kifaransa, herufi ndogo, plastiki imepasuka.
Kifungu cha kumi na nne: silaha, hapana.
Si mfukoni, si begani, si garini,
hata gari likiwa lako, hata likiwa limefungwa.

Jumanne nilifungua kabati la dashibodi la Kisimba wa mizani.
Nilitafuta chupa tu; baada ya mshahara tunatafuta chupa.
Nikashika sweta ya mtoto, ya njano, kifungo kimoja hakipo,
nzito kuliko sweta.

Hakuruka. Hakuniita dada.
Alisema: "Ngoie, gari hili nimelilipia miaka minne.
Mlango wake ni mlango wa nyumba yangu.
Nikiwa kazini mwili ni wa kampuni, sawa,
saa nane, tisa, na ya kumi isiyolipwa.
Lakini kutoka hapa hadi Ruashi, usiku,
nani ananilinda? Kifungu cha kumi na nne?"

Kila mtu anajua. Mwezi wa tano
lori lilipanda mizani, akaandika tani zile alizoziona.
Wakamwomba afute. Hakufuta.
Wakamsubiri penye reli, pikipiki mbili, bila namba,
wakamhesabia watoto wake kwa majina.
Alipeleka barua kwa mkuu wa wafanyakazi.
Barua ikapigwa mhuri wa kupokelewa.
Mhuri ndio jibu.

Mimi nina filimbi.
Nina koti lenye neno ULINZI mgongoni
ili anayenipiga kutoka nyuma ajue anampiga nani.
Nilishika ile sweta nikafikiri mambo mawili kwa pamoja:
kwamba mtu huyu ana haki ya kufika nyumbani,
na kwamba Jumamosi, pale maegesho,
Kabwe wa ghala na fundi Mwepu walikamatana mashati
kwa ajili ya zamu, zamu tu,
na kama kitu hiki kingekuwa karibu,
umbali wa kioo cha dirisha,
leo tungekuwa tunachanga pesa za matanga.
Mambo hayo hayakuenea kiti kimoja.
Bado hayajaenea.

Honi. Nyuma yetu, gari jeupe la mkurugenzi.
Hilo halichunguliwi, kizuizi kinapanda chenyewe.
Dereva ana bastola kiunoni, kitako kinaonekana,
kinanisalimia kuliko mwenye gari.
Kifungu cha kumi na nne kikatazama pembeni.

Basi nikafungua daftari.
Niliandika kwa bluu, bila kukandamiza kalamu:

Saa 12.41. Gari la Kisimba, mizani. Silaha moja, ndani ya sweta.
Ametoa sababu. Sababu imo katika barua ya mwezi wa tano. Isomwe.
Saa 12.43. Gari la mkurugenzi. Silaha moja, kiunoni.
Halikukaguliwa.
Aliyeandika: Ngoie Mwamba. Hana silaha.

Kisimba alisoma juu ya bega langu.
Hakunishukuru, wala sikutaka.
Alirudisha gari nyuma, taratibu, hadi nje ya uzio,
akaliacha chini ya jakaranda,
akaingia kwa miguu, mikono mitupu,
akapima malori.
Bastola ikabaki barabarani, imetii sheria,
ikilindwa na mama wa maandazi
asiyejua analinda nini.

Saa nne waliniita ofisini, nilete daftari.
Nikalileta.
Nikaleta na kioo.